Dondoo muhimu: Ukijitolea katika msitu wa kijiji, Kilwa

Anzia kwa Kamati ya Maliasili ya Kijiji. Msitu ni wa wanakijiji. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu mwaka 2009.

Kazi kubwa ni moto. Uchomaji wa mapema hufanywa masika yakiisha, nyasi zikiwa bado na unyevu na upepo umetulia. Moto huo hafifu hupunguza majani makavu, ili ule mkali wa mwisho wa kiangazi usiue miche. Usiwashe kiberiti bila ruhusa ya kamati.

Kwenye doria, beba maji ya kutosha. Ukikuta kisiki kibichi, andika mahali, toa taarifa, usiwafuate wakataji.

Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa. Tafadhali, usikate mche wake hata kwa kuni.