SOMO LA SHERIA: MADAI JUU YA BIDHAA ZENYE KASORO

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, kibaya kikisha kununuliwa, sheria haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Wananchi na watumishi wa Serikali wanakumbushwa kwamba, kwa upande wa Tanzania Bara, madai ya namna hii husimama juu ya misingi mitatu.

Msingi wa kwanza ni mkataba. Mkulima wa Songea, mkoani Ruvuma, anaponunua mbegu za mahindi dukani na kumweleza muuzaji wa pembejeo kuwa ni za kupanda, huku akiutegemea ujuzi wake, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humhesabu muuzaji huyo kuwa ameahidi kwamba mbegu zafaa kwa kazi hiyo, hata kama hakutamka neno. Zisipoota kwa ubovu wake, haitoshi kujitetea kuwa hakujua.

Msingi wa pili ni uzembe. Huu humfaa hata aliyedhurika bila kununua. Chimbuko lake ni shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, lililoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1932. Mwanamke huyo alinunuliwa kinywaji na rafiki yake mjini Paisley, Scotland, mwaka 1928, akadai kuwa ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Iliamuliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Hapa mdai hana budi kuuthibitisha uzembe.

Msingi wa tatu ni sheria za kumlinda mlaji, hasa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Zanzibar inayo sheria yake, ya mwaka 2018.

Madai yana ukomo: miaka 6 kwa mkataba, miaka 3 kwa uzembe. Lakini ushahidi hupotea mapema zaidi. Kwa hiyo mkulima anashauriwa kudai stakabadhi, kutunza mfuko wenye namba ya toleo pamoja na mbegu chache zilizosalia, na kumwita afisa ugani alione shamba kabla ya kulilima upya. Msimu uliopotea haurudi. Fidia yake hupatikana kwa vielelezo, si kwa malalamiko.