Kwenda Kutazama Wanyama na Mtoto wa Miaka Miwili

Vikundi vingi vya huku kwetu Kwale vina desturi ya kufunga mwaka kwa safari. Pesa za mchango zikibaki kidogo, tunakodi matatu, tunapika wali, tunawapeleka watoto wakaone wanyama. Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya wale wadogo kabisa, wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu. Hao huenda kwa sababu mama anakwenda, na mara nyingi hurudi wamelia siku nzima.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kikundi chetu, huku upande wa Msambweni, kiliweka akiba miezi minane ili twende Haller Park, kule Bamburi. Tuliondoka alfajiri, tukangoja feri Likoni, tukafika jua limeshapanda. Kwa kuwa tulikuwa tumelipa, tulitaka kila kitu kionekane: twiga, kiboko, mamba, nyoka, na wale kobe wakubwa. Basi ikawa ni mbio tu.

Kulikuwa na msichana wa miaka miwili hivi, amekuja na bibi yake. Hatua chache tu kutoka langoni, chini ya mivinje, mtoto akachuchumaa. Ameona jongoo, mnene, mweusi, miguu myekundu. Akimgusa kwa kijiti, jongoo anajikunja. Anangoja. Jongoo akijikunjua, mtoto anacheka, anaanza tena. Bibi akasema, "Mwacheni kidogo." Sisi tukamjibu, "Aa, bibi, majongoo hata nyumbani wapo! Twende kwa twiga." Mtoto akabebwa juujuu, analia. Kwa twiga tukamwinua amlishe kwa mkono wake. Ule ulimi mrefu ulipomgusa alipiga ukelele, na tangu hapo hakukubali kuwekwa chini. Kiboko hakumwona hata kidogo, uso wote ulikuwa begani mwa bibi. Mwenzake mmoja alitapika kwa joto.

Katika mkutano uliofuata mweka hazina akauliza, pesa zile zilinunua nini? Swali gumu. Wengine wakasema mwaka ujao watoto wadogo wasiende kabisa, na mama mwenye mtoto mdogo abaki nyumbani. Maneno yakawa makali, kwa sababu kina mama hao walikuwa wamechanga sawa na wengine. Ilibaki kidogo tuvunjike.

Bibi ndiye aliyesaidia. Alisema mjukuu wake ana wiki nzima anasema "jongo, jongo," na kila asubuhi anamtafuta chini ya mkorosho. Twiga hamtaji.

Baadaye tulijifunza jambo lililotuaibisha. Mahali pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu usio na udongo. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyefanya kazi na kiwanda hicho, alianza kupanda miti ya kujaribu. Mvinje ulistahimili, lakini majani yake makavu, yale kama sindano, yalilala chini bila kuoza. Haller akaona kuwa jongoo huyala. Akaleta majongoo kwa mamia, wakala, na kinyesi chao kikasaidia kufanya udongo. Juu ya udongo huo msitu ukakua, na wanyama wengine wakaja ama wakaletwa. Kwa hivyo mtoto wetu alikuwa amechuchumaa mbele ya fundi wa mahali pale, nasi tukamvuta!

Tulipotafakari tuliona kwamba macho ya mtoto huyu yako usawa wa magoti yetu. Ukisimama penye ukuta au ua, wewe unaona kiboko, yeye anaona ukuta na migongo ya watu. Kilicho karibu naye ni ardhi. Tena yeye hajui kama tumelipa. Kitu kimoja kinamtosha, mradi akitazame mpaka ashibe mwenyewe.

Safari ya pili hatukuvuka feri. Tulikwenda Diani kutazama mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani. Pale pana shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, ambalo limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Safari hii tuligawanyika makundi mawili. Wakubwa walitangulia na mzazi mmoja, wadogo wakabaki nyuma, kila mdogo na mtu wake mzima, na saa na mahali pa kukutana tukapatana kabla. Hili la kugawanyika ndilo lililotuponya. Mnapotembea pamoja, wakubwa huchoka kungoja na wadogo huburutwa.

Sasa, mbega yuko juu mtini, na mtoto hawezi kuinua shingo muda mrefu. Tulitandika leso chini (tazameni siafu kwanza!) tukalala chali. Yule msichana hakutazama juu. Majani yalikuwa yanaanguka, akaokota moja lililong'atwa nusu, akaligeuzageuza. Likaanguka jingine. Ndipo akatazama linakotoka, akamwona mama mbega na mtoto wake mweupe pepepe, kwa maana mbega huzaliwa mweupe. Hakusema neno. Tulikaa pale karibu saa nzima, na mbega pia hawakuwa na haraka. Chakula chao ni majani, nao hukaa sana wakipumzika ili tumbo lifanye kazi yake. Aliposimama mwenyewe na kusema "maji," tulijua amemaliza.

Mambo machache ya kuangalia. Nendeni asubuhi, kabla ya jua kali, na mrudi kabla ya usingizi wa mchana. Chukueni maji yaliyochemshwa, kofia, na leso ya kumbebea akichoka. Chakula msikishike mkononi penye kima na nyani, wanajua kunyakua, na mtoto ndiye mdogo wa kunyang'anywa. Msiwalishe pia. Akishika jongoo au konokono anawishwe mikono kabla hajaiweka kinywani. Na akiogopa mnyama, rudini nyuma hatua kumi, mtazame kutoka mbali. Kumcheka au kumsukuma ati azoee hakufai.

Walio karibu na Gazi wana bahati. Kina mama wa huko wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko. Ulizeni maji yatapwa saa ngapi, kwa sababu maji yakijaa kaa hawaonekani. Yakipwa, utamwona yule kaa dume mwenye gando moja kubwa akilipunga, na hapo mtoto hataki kuondoka. Mshikeni mkono muda wote, daraja liko juu ya tope.

Katika mkutano wenu zungumzeni: mkienda, nani atabaki na wadogo? Je, ni lazima wawe kina mama tu? Sisi mwaka huu tumewapangia kina baba wawili. Mmoja amekubali, mwingine bado anafikiria.