Nondo za Dirisha la Gereji, na Kijana Anayelala Ndani

*Mzee Fundi, salamu kutoka Burumba, Busia. Nina gereji ya matofali ninamolaza pikipiki zangu mbili za boda. Dirisha lake, futi tatu kwa mbili, lina kioo kitupu. Fundi wa kuchomelea alinitajia bei ya grili nikaishiwa nguvu. Binamu yangu wa Tororo, Uganda, anasema nondo kwao ni nafuu, ninunue huko nijitengenezee. Nitaweza? Kwa sasa mpwa wangu analala humo kama mlinzi, na mitungi ya petroli iko pembeni. – Mwenye Boda*

Ndugu yangu, utaweza, na kazi haitakusumbua ukishaelewa wezi huanzia wapi. Grili nyingi hung'olewa nzima nzima, chuma chake hakina hata mkwaruzo, kwa kuwa zilifungwa kwa skurubu kwenye fremu ya mbao. Nguvu utaitafuta ukutani.

Chukua nondo ya milimita 12. Nondo nzima huwa na urefu wa mita 12, kwa hiyo nusu yake inakutosha. Kata vipande vitano vya sentimita 110. Dirisha lako lina upana wa sentimita 90 hivi, basi kila kipande kitazama ukutani sentimita 10 huku na 10 kule. Ukivilaza kwa nafasi sawa, mwanya utakuwa sentimita 9, na hapo hata kichwa cha mtoto hakipiti.

Sasa jeki. Mwizi mwenye ujuzi huja na jeki ya gari, huiweka kati ya nondo mbili na kuzipanua kimyakimya. Dawa yake ni vyuma bapa viwili vya kusimama wima, upana milimita 40, unene milimita 6, vilivyotobolewa matundu ya milimita 14. Nondo zote zipite humo, na dirisha ligawanyike mara tatu. Drili ndogo ya nyumbani italia sana kwenye chuma hicho. Mpelekee yule yule fundi akutobolee, kisha aguse kila kiungo kwa moto. Hapo unamlipa kwa viungo kumi tu.

Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga, maana mvua za huku hazina huruma na chuma kitupu. Kisha chimba vishimo kwa tindo ukianzia upande wa ndani wa gereji, kunja ncha za nondo kidogo zishike, upachike wavu wote kwa pamoja. Jaza kwa simenti moja na mchanga tatu. Mwagilia maji kwa wiki nzima. Watu huacha simenti ikauke kwa jua siku moja, halafu wanalaumu kiwanda! Na kama matofali yako yamejengewa udongo, anza na ukuta kwanza.

Kuhusu Tororo: kwa nusu nondo, nauli itakula nafuu yote. Nunua hapo Busia. Ukiwa na madirisha mengi, sawa, vuka, lakini pitia kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zina utaratibu wake rahisi wa forodha. Uliza kama nondo zimo kwenye orodha. Njia za panya waachie wenyewe. Boda yenye chuma cha mita sita mgongoni haijifichi popote.

Lililonikosesha raha katika barua yako umeliandika mwishoni kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, kule kule mpwa wako alikotandika godoro lake. Cheche moja ya swichi, au mshumaa umeme ukikatika, inatosha. Leo anaweza kuvunja kioo akaruka. Ukishaweka nondo, na moto ukiwa mlangoni, atatokea wapi? Pikipiki hulipwa na bima au hununuliwa nyingine.

Kwa hiyo mitungi itoke leo, na kijana alale nyumbani na wenzake. Akishahama, ndipo ushike tindo.