Mfereji wa Nîmes: Somo la Mteremko

Makundi ya wanafunzi yanapofika Pont du Gard, kusini mwa Ufaransa, kinachowavuta macho kwanza ni ukubwa wa matao. Daraja hilo, lililojengwa na Warumi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, lina safu 3 za matao zilizopandana, na kimo chake ni karibu mita 49. Mawe ya safu mbili za chini yamepangwa bila udongo wala saruji. Uzito wake wenyewe ndio unaoyashikilia. Lakini mwalimu aijuaye kazi yake hawaachi wanafunzi hapo chini wakishangaa tu. Huwapandisha juu, kwenye mfereji.

Kwani daraja hilo ni kipande kidogo tu cha mfereji wa kilomita 50 hivi, uliochukua maji ya chemchemi za Uzès hadi mji wa Nîmes. Katika mwendo wote huo mfereji huteremka mita 12 na kitu. Mwanafunzi akigawanya, atapata takriban sentimita 25 kwa kilomita, yaani milimita 1 kwa kila mita 4. Mteremko wa namna hiyo hauonekani kwa macho. Warumi walikuwa na chombo kiitwacho chorobates, ubao wa karibu mita 6 wenye mfuo wa kutilia maji juu yake; maji yakilingana na kingo za mfuo, ubao umelala sawa. Isitoshe, kabla ya daraja mteremko ulifanywa mkali zaidi, ili daraja lenyewe lisihitaji kimo kikubwa zaidi. Huo ndio ujuzi hasa, kuliko hayo matao yanayopigwa picha.

Ndani ya mfereji lipo somo la kemia. Kuta zimevaa gamba la chokaa, mahali pengine unene wake ukikaribia nusu mita kila upande. Maji ya chemchemi hubeba chokaa iliyoyeyuka; kabonidioksaidi ikiyatoka, chokaa huganda, kama lile gamba jeupe lionekanalo ndani ya birika. Gamba liliponenepa, njia ya maji ilisongwa. Maadamu walikuwapo mafundi wa kuukwangua mfereji, mji ulipata maji. Utawala wa Kirumi ulipodhoofika, kazi hiyo ilizembewa, na kufikia karne ya 6 mfereji ulikuwa umekwisha kuachwa. Baadaye wakazi wa jirani waliyachonga magamba hayo kuwa mawe, wakayajengea makanisa.