Waifai Ikigoma: Somo Fupi kutoka Castle Vale

Katika maswali yote ninayoulizwa na wanajumuiya, linaloongoza ni hili: "Kaka, laptopu yangu haishiki waifai, nifanyeje?" Anayeuliza mara nyingi keshazima na kuwasha mara tano na keshaipigapiga mgongoni, tena amebakiwa na saa mbili kabla ya muda wa kukabidhi kazi kwisha. Si jambo la kucheka. Vyuo vingi huku havikubali kompyuta kuharibika kuwa sababu ya kuchelewa. Hata viza yenyewe imehamia mtandaoni: vile vikadi vya ukaazi vilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2024, na sasa mwajiri akitaka kujua kama unaruhusiwa kufanya kazi, unaingia kwenye tovuti ya serikali, unatoa namba maalumu inayodumu siku 90, ndiyo unampa. Bila intaneti hata kibarua kinaweza kukupita.

Sasa, fani yangu ni uhandisi, na sisi tumefundishwa kutogusa kitu kabla ya kujua kimekatikia wapi. Habari yako inasafiri hivi: inatoka kwenye laptopu, inapita hewani hadi kwenye rauta, inatoka kwa waya hadi kwa kampuni ya intaneti, halafu inaenda duniani. Basi ikate safari hiyo katikati. Chukua simu, zima data (wengi wanadanganyika hapa, simu inatumia bando lake wao wanadhani ni waifai), kisha iunge kwenye waifai hiyohiyo. Ikikosa intaneti, laptopu yako haina kosa, kasumbuane na rauta au kampuni. Ikipata, ugonjwa uko kwenye laptopu, au kwenye namna laptopu na rauta zinavyoelewana. Jaribio hili ni la dakika moja na linaokoa mchana mzima.

Nitoe mfano wa kweli. Mwenzetu mmoja kutoka Morogoro anaishi ghorofani hapa Castle Vale, mashariki ya kaskazini mwa Birmingham. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1960 juu ya uwanja wa zamani wa ndege wa Castle Bromwich, jirani na kile kiwanda kilichotengeneza ndege za Spitfire wakati wa Vita Kuu ya Pili. Maghorofa marefu yalikuwa 34, na karibu yote yakabomolewa katika ule ukarabati wa mwaka 1993 hadi 2005. Nayataja haya kwa sababu jengo la zege lenye nondo ndani ni adui wa mawimbi. Ukuta wa mbao unapita kama hewa, lakini ukuta wa zege unaweza kukupunguzia nguvu ya mawimbi mara kumi au zaidi, na ukipitisha kuta mbili hasara inazidishana: kumi mara kumi ni mia. Rauta ikifichwa nyuma ya televisheni chumba cha pili, usishangae.

Ila shida ya ndugu yetu haikuwa zege. Simu yake ilikuwa inapata waifai vizuri palepale kitandani. Laptopu nayo ilikuwa inaona waifai za majirani chungu nzima, ila ya kwake mwenyewe haionekani kabisa! Duka moja la matengenezo lilikuwa limemwambia kadi ya waifai imekufa na bei ikatajwa. Hebu tufikiri pamoja: kadi iliyokufa ingewaonaje majirani? Kadi ilikuwa hai. Swali likawa, ni kitu gani simu inakisikia na laptopu haikisikii?

Jibu ni chaneli. Waifai ya gigahezi 2.4 imegawanywa katika chaneli, mithili ya stesheni za redio. Hapa Uingereza zinatumika chaneli 1 hadi 13. Marekani, kwa kawaida, mwisho ni 11, na vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa soko la kule havisikilizi 12 wala 13. Laptopu ya jamaa ilikuwa ya zamani, haina gigahezi 5, na alinunuliwa na shangazi yake aliyeko Marekani. Rauta nayo imeachwa ijichagulie chaneli yenyewe, na kwa kuwa majirani wamejazana kwenye 1, 6 na 11, ikakimbilia 13 kulikokuwa kweupe. Programu ya bure ya kupima waifai kwenye simu ilituonyesha hilo mara moja. Tukafungua ukurasa wa rauta kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari (anwani na nenosiri la kuingilia huwa kwenye kibandiko cha rauta), tukaiweka chaneli 6, tukahifadhi. Haikufika dakika mbili, jina la waifai likatokea kwenye laptopu. Sura yake ya tasnifu ikaenda kwa msimamizi usiku uleule.

Kwa nini 6, wakati imejaa? Kwa sababu chaneli zinapishana kwa megahezi 5 tu na kila waifai inachukua kama 20. Kwa hiyo 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Ukijipenyeza kwenye 3 unawakera watu wa 1 na wa 6, nao wanakukera.

Kuna na yule ambaye jina analiona, ila kila akijaribu kuingia anagomewa wakati nenosiri ni sahihi. Hapo shuku ulinzi. WPA2 ilitoka mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Rauta iliyowekwa WPA3 peke yake haitaelewana na laptopu kuukuu. Ichague ile setingi ya zote mbili. Kurudi WEP ati ndiyo inakubali, hapana. Ilishavunjwa tangu mwaka 2001 na jirani mtundu ataingia.

Mwingine ameingia lakini anaambiwa hakuna intaneti. Fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake laptopu iliomba anwani kwa rauta, haikujibiwa, ikajipachika yenyewe. Sahau mtandao huo, washa rauta upya, ingia tena. Kama anwani ni nzuri, andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi na kurasa bado hazifunguki, njia ipo, kilichokufa ni DNS, yaani kile kitabu cha simu kinachogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

La mwisho linawaponza sana wanaokuja na laptopu za mitumba. Nyumbani inashika, chuoni kwenye eduroam inakataa. Kwanza, jina la kuingilia lazima liwe kamili, na ile @ na jina la chuo, kwa sababu ndilo linalouambia mtandao wakuulizie wapi. Ndiyo maana akaunti hiyohiyo inaweza kukuingiza Kenya kupitia KENET na Uganda kupitia RENU ukiwa likizo. Pili, tazama saa! Kibetri kidogo cha ndani kikifa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka 2009. Eduroam huonyesha cheti cha kidijitali chenye tarehe, na kwa kompyuta iliyoko mwaka 2009 cheti hicho bado hakijazaliwa, basi inakikataa. Rekebisha tarehe kwa mkono, kisha nunua kibetri, bei yake si kitu.

Na kama draiva ya waifai yenyewe imepotea, usitafute intaneti ya kuipakulia kwa kuhangaika mtaani. Unga simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, na laptopu itaiona kama kebo ya kawaida. Angalia bando tu, maana Windows ikishaonja intaneti huanza kujisasisha bila hodi.

Mwenye laptopu iliyoshindikana kabisa aje nayo kwenye mkutano wetu ujao, na tafadhali, aje na chaja yake.