Kununua Jiko Kuukuu la Kuni

Ndugu, wengi wetu hapa Kilosa twanunua jiko la kuni lililokwisha kutumika, kwani jipya lina bei. Si vibaya, ila tusitazame rangi ya bati. Tuugonge udongo wa ndani kwa kidole: ukilia kama chungu kizima, ni mzima, sauti ikiwa nzito, umepasuka, na moto utapotea ubavuni usifike sufuriani. Jiko la namna hiyo hula kuni sana. Nao ndugu zetu wa Mikumi watazipata wapi? Hifadhi ya Taifa ilitengwa pale mwaka 1964, na kukata kuni humo ni marufuku. Ufa mdogo huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Bali kitako kilicholiwa na kutu hakina dawa. Muuzaji akikataa kuliwasha mbele yetu, tusitoe fedha.