Mwambie Baba Kesi Hizo Zipo

Leo namjibu binti wa Mawenzi, pale Moshi mjini, aliyemaliza kidato cha sita na anataka kusomea sheria. Baba yake anamwambia uwakili ni kesi za mashamba na mirathi, maana ndizo zinazogombanisha ndugu huku kwetu Uchagani. Yeye moyo wake uko kwenye hakimiliki na kampuni za simu. Anauliza: dada, kesi hizo zipo kweli?

Zipo, mdogo wangu, tena nzito. Mwaka 2012 wanamuziki Mwana FA na AY waliipeleka kampuni ya simu ya MIC, iliyojulikana wakati huo kama Tigo, Mahakama ya Wilaya ya Ilala. Walidai nyimbo zao mbili, "Usije Mjini" na "Dakika Moja", zimetumika kama miito ya simu bila idhini yao. Aprili 2016 mahakama ikawapa ushindi na fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ikakata rufaa, na mabishano yakahamia juu. Miaka minne kwa hukumu ya kwanza tu! Kama huna subira, chagua kazi nyingine mapema.

Sasa itazame kesi ya namna hiyo kwa jicho la wakili. Kwamba wimbo ni wa fulani, hata muuza vocha anajua. Kazi ipo kwenye kuonyesha umeuzwa mara ngapi, lini, kwa bei gani, na kumbukumbu hizo zimelala kwenye mitambo ya mdaiwa mwenyewe. Usipojua mitambo inavyoziandika, utaiomba mahakama iamuru kitolewe nini? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inapokea ushahidi wa aina hii, ila mahakama itataka kujua ulitengenezwaje na ulitunzwaje. Kwa hiyo soma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, soma Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, halafu ukae na mhasibu na fundi wa mitandao mpaka uwaelewe wanachosema. Wengi wanaruka hatua hiyo ya mwisho, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote.

Baba naye ana kahawa shambani, sivyo? Mwambie hivi: Japani, arabika iliyooshwa kutoka Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata ikiwa imelimwa Mbinga. Jina la mlima wetu ni mali, na mali inahitaji mtetezi. Ethiopia ilianza mwaka 2005 kudai Marekani majina ya kahawa zake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, na mwaka 2007 ikafikia makubaliano na kampuni ya kahawa ya Starbucks. Kazi ile ilifanywa na wanasheria.

Njia yenyewe unaijua: shahada, kisha Shule ya Sheria Dar es Salaam, ndipo uapishwe. Ukiwa chuoni, wasaidie wasanii wa Moshi kusoma mikataba kabla hawajasaini, chini ya wakili anayekusimamia.

Jaza fomu, mdogo wangu. Na wewe baba, kama gazeti hili limekufikia, nakuomba umruhusu aende.